Tuko Pamoja?

Nilipoingia kidato cha kwanza kule Newala, neno la Kiingereza nililolitumia kuliko yote lilikuwa "yes". Mwalimu wa bayolojia alikuwa akimaliza kuandika ubaoni anageuka, anakung'uta chaki mikononi, anauliza: "Are we together?" Darasa zima, watu zaidi ya sitini, tunaitikia kwa kuvuta sauti kama tunamwitikia mgeni rasmi: "Yeees!" Basi anageuka tena, anaendelea na ubao wake.

Hatukuwa pamoja. Sisi tulijua, na nadhani hata yeye alijua. Miaka imepita, lakini swali lake bado linanirudia, na limezaa jingine: ile "yes" yetu ilikuwa uongo? Na kama ilikuwa uongo, ulikuwa wa nani?

Nauliza hivyo kwa sababu mjadala wa lugha ya kufundishia Tanzania tumeuzoea mno. Huyu anasema Kiswahili ni utu wetu, yule anasema Kiingereza ni ajira na dunia. Wote wawili wanazungumzia taifa. Mimi leo naomba tumzungumzie mtoto wa miaka kumi na minne anayesema ameelewa wakati hajaelewa, na hiyo tabia inamfanya nini.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Wataalamu wanapenda kusema kwamba mwanafunzi wa Kitanzania anasoma kwa "lugha ya pili". Kwa watoto wengi wa huku kwetu, Kiingereza ni lugha ya tatu. Newala nyumbani ni Kimakonde. Ukishuka Masasi utakuta Kimakua, Kiyao na Kimwera. Mimi Kiswahili nilikikuta darasa la kwanza, na Kimakonde tulikuwa tukikatazwa kukisema ndani ya uzio wa shule. Bibi yangu mpaka leo husema "Kiswahili cha shule", kana kwamba ni sare.

Na hakosei sana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akitoka nao Unguja. Steere huyo huyo ndiye aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia. Kiswahili kilipanda huku na misafara ya biashara, kikapanda pia na daftari la misheni. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikadai kwamba Kiswahili ni mwenyeji na Kiingereza ndiye mgeni. Kwetu vyote viwili vilikuja na begi mkononi.

Tofauti ni hii: Kiswahili kilitoka darasani kikaingia mtaani. Tulikikuta sokoni, kwenye redio, msikitini na kanisani, kwenye basi la Masasi. Kufika darasa la nne nilikuwa naweza kugombana kwa Kiswahili, na lugha unayoweza kugombania ni yako. Kiingereza kilibaki ndani ya madirisha ya darasa. Baada ya miaka saba ya kusoma kila kitu kwa Kiswahili, tulipewa wiki chache za kozi ya awali, kisha siku moja historia, jiografia, kemia na bayolojia zote zikageuka Kiingereza. Monita akapewa karatasi ya kuandika majina ya wanaoongea Kiswahili.

Sasa nikueleze kisa ambacho ndicho kilichonifanya niandike haya.

Tulipewa jaribio, swali mojawapo likitutaka tueleze maana ya osmosisi. Mimi nilikuwa mkaririji mzuri. Niliandika sentensi ya ubaoni neno kwa neno, hata mkato niliuweka pale pale ulipokuwa. Nikapata alama zote. Jirani yangu wa dawati, msichana mpole aliyekuwa akitembea mwendo mrefu kila asubuhi kuja shule, alishindwa Kiingereza akaandika kwa Kiswahili. Aliandika kwamba ukikata embe bichi ukalinyunyizia chumvi, maji ya ndani ya embe yanatoka kuifuata chumvi. Mwalimu alipitisha mstari mwekundu juu ya jibu lote, akaandika sifuri. Karatasi zilipogawiwa darasa lilicheka. Na mimi nilicheka.

Yule msichana hakuendelea baada ya kidato cha pili. Mimi niliendelea.

Miaka kama mitatu baadaye, likizo ya Desemba, nimekaa barazani kwa bibi tunakula embe bichi kwa chumvi na pilipili. Nilikuwa nimeweka chumvi mapema, bakuli likajaa maji. Bibi akanigombeza: "Mjukuu wangu, chumvi huwekwa mwisho. Inavuta maji yote." Nikabaki nimeshika kipande mkononi. Ndipo nilipoielewa osmosisi, na ndipo nilipoelewa kwamba siku ile darasani aliyekuwa akijua ni mmoja, na tulimcheka.

Turudi kwenye swali. "Yes" yetu ilikuwa uongo?

Mwongo wa kawaida anataka udanganyike. Sisi hatukutaka kumdanganya mwalimu. Tulitaka kipindi kiishe bila aibu na bila fimbo. Na mwalimu hakudanganyika. Yeye naye alikuwa na mtihani wa taifa mbele yake, alikuwa na mada za kumaliza, na naomba tusifiche, Kiingereza chake chenyewe kilikuwa cha kuazima. Alipochoka alifunga mlango, akashusha sauti, akatueleza kwa Kiswahili kama mtu anayetoa siri. Kwa hiyo kati yetu na yeye hapakuwa na uongo hasa. Palikuwa na makubaliano: wewe jifanye unafundisha, sisi tujifanye tunaelewa, na wote tufike salama saa nane.

Ndiyo maana naona madhara hayako kwa mwalimu. Yako ndani ya mwanafunzi. Ukiitikia "yes" siku moja bila kuelewa, umejiokoa na aibu. Ukiitikia miaka minne, unaanza kupoteza kitu kidogo kilicho ndani yako kinachokuambia "hapa sijaelewa". Mtu asiyejua lakini anajua kwamba hajui, huyo bado ana pa kuanzia. Mtu aliyezoea kushika maneno na kuyaita maarifa, utamwamsha kwa kelele gani? Mimi nilimaliza kidato cha nne na cheti kizuri, na sikuwa na uwezo wa kutofautisha kati ya kujua jambo na kujua sentensi inayolisema.

Hata jandoni na unyagoni, ambako watoto wetu hufundishwa kwa nyimbo na mafumbo, mambo hayako hivi. Huko fumbo linafumbwa ili baadaye lifumbuliwe. Mwari hatarajiwi kurudi nyumbani na fumbo lisilofunguliwa. Shule yetu ilitupa fumbo, ikatupa mtihani wa kulirudia, ikaturudisha nyumbani nalo.

Na kwa sisi tunaopenda vitabu, jambo hili lina uchungu wake. Katika orodha ya riwaya za fasihi ya Kiingereza za sekondari kulikuwa na *A Wreath for Father Mayer* ya S. N. Ndunguru. Kitabu cha Mtanzania, padri wake akiwa wa Masasi, kinasomwa na watoto walio jirani na Masasi! Ungetegemea tukipiganie. Lakini shuleni kwetu kilikuwepo kama nakala mbili. Tulichosoma sisi ni "notisi": dhamira ya kwanza, ya pili, ya tatu, wahusika na sifa zao. Tuliandika insha za kukichambua kitabu ambacho wengi wetu hatukuwahi kufungua ukurasa wake. Tulisifu lugha ya mwandishi, lugha ambayo hatukuionja. Hiyo nayo ilikuwa "yes", ila ndefu, ya kurasa mbili.

Najua kuna atakayeniambia: ndugu, acha kulalamika, Kiingereza kimewainua watu wa huko huko kwenu. Ni kweli. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Alipita Ndanda, akafika Pugu, akahitimu Makerere mwaka 1962 akiwa amesomea Kiingereza. Akawa mhariri, waziri, kisha Rais. Kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka 2019, aliziandika kwa Kiingereza. Siwezi kusema lugha hiyo ilimfanya mjinga. Lakini enzi zake waliofika sekondari walikuwa wachache mno, wamechujwa na kuchujwa tena. Sisi ni watoto wa shule za kata, zilizoenea baada ya 2004. Huwezi kuchukua njia waliyopitia wachache, ukaipitisha halaiki nzima bila walimu wa kutosha na bila vitabu, kisha ukamlaumu anayeanguka.

Baba yangu, mkulima wa korosho, aliwahi kunijibu kwa namna iliyoninyamazisha. Nilikuwa namweleza kwamba Kiswahili kingetosha kufundishia. Akasema: "Mwanangu, mtu akikuambia Kiswahili kinatosha, muulize kwanza mtoto wake anasoma wapi." Hoja hiyo ni nzito, na sitaki kuiruka. Ukimnyima mtoto wa mkulima Kiingereza huku mtoto wa bosi anakinywa na chai, umejenga ukuta mpya.

Lakini angalia wakubwa wenyewe walivyohangaika. Tume ya Jackson Makweta, iliyotoa ripoti mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Haikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha shule zetu wakaona kiwango hakitoshi kabisa kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo walishauri Kiingereza kiendelee. Mwalimu Nyerere, aliyemfanya Shakespeare azungumze Kiswahili katika *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, naye alitetea Kiingereza kibaki sekondari. Sera ya elimu ya 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili ngazi zote, na mlango ukabaki wazi bila mtu kupita. Ukisoma historia yote hiyo utaona kwamba ni vigumu kumpata aliyekana kuwa watoto hawaelewi. Walibishana juu ya mengine yote.

Msimamo wangu basi ni huu. Baba ana haki ya kudai Kiingereza kwa ajili yangu. Lakini mtoto ana haki iliyotangulia hiyo, haki ya kusema "sijaelewa" na kueleweka anaposema. Na haki hizi mbili hazigombani. Kiingereza hakijifunzwi kwa kumeza kemia usiyoielewa. Kinajifunzwa kwa kufundishwa kama lugha, na mwalimu anayekijua, kwa vitabu vinavyoshikika. Tulichofanya ni kutumia masomo saba kufundisha lugha moja, tukakosa lugha na masomo.

Na kabla serikali haijaamua chochote, mwalimu anaweza kufanya kitu kesho asubuhi. Aache kuuliza kama tuko pamoja. Amwambie mtoto mmoja: nielezee kwa maneno yako, kwa lugha yoyote uliyo nayo, halafu tutafute wote Kiingereza chake. Najua itachukua muda mara mbili, na mtihani hausubiri. Gharama ipo. Ila gharama ya kutofanya hivyo aliilipa jirani yangu wa dawati, peke yake.

Nilikutana naye mwaka jana, stendi ya Newala, ana meza ya chai na maandazi. Tulisalimiana kwa lile jina letu la zamani, "jirani". Nilipokwisha kunywa chai nikamwambia: "Jirani, lile jibu la embe lilikuwa sahihi. Mimi nilicheka, na sikuwa nikijua chochote."

Akanitazama kidogo. "Nilikuwa najua kwamba ni sahihi," akasema. "Ila niliporudishiwa karatasi nikadhani nimekosea."

Binti yake sasa yuko kidato cha kwanza. Nilimuuliza kama anaendelea vizuri. Akasema akirudi nyumbani humuuliza leo amesoma nini, na binti hujibu kwa Kiingereza, haraka haraka. "Namwambia haya, sasa niambie mimi mama yako."