Kutunza si Kutawala



Mwaka jana kaka yangu mkubwa alikuja kukaa kwangu, baada ya kiharusi kumwondolea nguvu za miguu na za mkono wa kuume. Nilimtengea chumba chenye mlango mpana, nikaondoa kizingiti, nikapata kijana wa kumsaidia. Majirani walinisifu. Lakini kila siku tulimlaza saa moja jioni, ili kijana yule awahi kwao. Siku moja kaka aliniambia, "Mdogo wangu, chumba umenipa, lakini saa zangu umezichukua." Nilikasirika, kisha nikaona haya.

Basi swali ninaloleta kwenu ni hili: Je, anayemtunza mtu asiyeweza kutumia viungo vyake amepata pia haki ya kumwamulia maisha yake?

Huko Uingereza swali hili liliulizwa kwa nguvu. Mwaka 1948 Leonard Cheshire, aliyekuwa rubani wa vita, alimpokea nyumbani kwake Le Court, kule Hampshire, mgonjwa aliyekaribia kufa na asiyekuwa na pa kwenda. Wengine wakafuata, nyumba ikawa makao ya walemavu, na makao ya namna hiyo yakaenea katika nchi nyingi. Ilikuwa kazi ya huruma ya kweli. Hata hivyo Paul Hunt, aliyehamia Le Court mwaka 1956 akiwa kijana mwenye ugonjwa wa misuli, alishindana pamoja na wenzake na wakuu wa makao juu ya mambo yanayoonekana madogo, kama saa ya kulala, na juu ya kupewa sauti katika uongozi. Mwaka 1972 aliandika barua katika gazeti la The Guardian, akiwaita walemavu waungane.

Wako watakaosema kwamba hao hawakuwa na shukrani. Mimi sioni hivyo. Mtu aweza kushukuru kwa chakula, na bado akataka kuulizwa atakula lini. Wengine watasema kwamba watumishi ni wachache, na haiwezekani kila mtu alale saa apendayo. Neno hilo lina uzito. Lakini shida ya nyumba hujadiliwa na wote wakaao ndani yake, naye mlemavu ni mmoja wao.

Sisi tumezoea kusema "wasiojiweza", na neno hilo hutupotosha. Asiyeweza kufunga vifungo vya shati aweza kuchagua shati. Bwana wetu alijua wazi kwamba Bartimayo ni kipofu, lakini alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Nao wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yaani akaaye si mgeni tena. Ana sehemu yake katika kazi na katika shauri.

Kwangu tuliketi watatu: kaka, kijana na mimi. Tulikubaliana kwamba siku nne kaka atalala mapema, na siku tatu nitamlaza mimi mwenyewe saa nne, baada ya taarifa ya habari. Mgongo wangu unauma, sifichi. Lakini sasa tunazungumza jioni, jambo ambalo tulikuwa tumelipoteza.

Je, nyumbani kwako yuko ambaye hajaulizwa? Muulize leo.