Macho ya Kuazima

Kusoma barua yako mwenyewe ni jambo dogo kwa mwenye macho, na jambo kubwa kwa aliyenyimwa. Zamani, katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, manamba wengi waliotoka mbali hawakujua kusoma. Barua ya nyumbani ilipofika ilisomwa na mwingine, na habari ya mke, ya deni au ya msiba ilipita kinywani mwa mtu baki kabla ya kumfikia mwenyewe. Elimu ya watu wazima, iliyotiliwa mkazo nchini mwaka 1970, ilileta zawadi zaidi ya maarifa: iliwarudishia watu siri zao. Je, mtu asiyeona anastahili kuwa na siri hiyo kwa haki, au aingojee kwa hisani?

Nauliza swali hili kwa sababu nimelikosea. Nilipokuwa Korogwe nilikusanya alama za insha za wanafunzi katika jedwali la kompyuta, nikalipeleka kwa barua pepe kwa mwalimu mwenzangu wa Handeni. Mwalimu huyo haoni. Kompyuta yake ina programu ya kusoma skrini, ambayo hugeuza maandishi kuwa sauti, naye huiamrisha kwa vibonye tu. Hupita kisanduku baada ya kisanduku, nayo humtajia mahali alipo na kilichomo: "B4, sitini na mbili." Jicho letu huruka juu ya jedwali kama ndege juu ya shamba la mahindi, sikio lake huenda kwa miguu, tuta kwa tuta, na kumbukumbu yake hubeba mzigo wa yote aliyoyapita.

Mimi nilikuwa nimewapaka rangi nyekundu wanafunzi ambao insha zao zilitaka kusahihishwa tena. Sikuandika neno. Akanijibu: "Ndugu mwalimu, jedwali lako limenipa hesabu zote, likaninyima hukumu. Waliokusudiwa ni akina nani?" Niliona haya. Safu moja yenye neno "irudiwe" ingetosha, na ingenigharimu dakika mbili.

Baadaye alinieleza jambo zito zaidi. Ofisi moja ilimpelekea barua juu ya mkopo na makato ya mshahara wake. Haikuwa maandishi, bali karatasi iliyopigwa picha. Ziko programu za kutambua herufi ndani ya picha, lakini picha ile ilipinda, na muhuri ulifunika tarakimu. Akamwita kijana amsomee. Kijana alisoma vizuri, kwa adabu, bila kudai ujira. Kabla ya jua kutua, deni la mwalimu lilikuwa habari ya sokoni.

Hapo ndipo hisani inapofika kikomo. Nguo ya kuazima haisitiri, na macho ya kuazima ni vivyo hivyo. Hisani ni tunda tamu, lakini anayelazimika kulila kila siku hulilipia kwa siri zake, wala hana uwezo wa kuikataa bei. Haki haidai bei hiyo.

Yamkini mtu atasema kwamba waandishi wana kazi nyingi, na wasioona ni wachache. Wingi si kipimo cha haki. Tena sehemu ngumu ya kazi imekwisha kufanywa, na baadhi ya waliotangulia kuifanya ni wasioona wenyewe. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, alianza kutunga programu iitwayo NVDA. Hutolewa bure, na yaweza kusoma Kiswahili. Nchi yetu nayo ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kilichosalia ni kidogo, na ni chetu: kupeleka maandishi mahali pa picha, kuweka neno penye rangi, kuipa kila safu kichwa chake, na kuandika mada ya kweli juu ya kila barua pepe.

Upofu wa mwalimu wa Handeni haukumzuia kulisoma jedwali langu. Uzembe wangu ulimzuia. Maumbile yalimnyima nuru, nami nikamnyima neno. La kwanza halina wa kulaumiwa. La pili linaye, na jina lake nalijua.