Hakuna Anayesema "Leo Nasikia Heri"

Hebu tukae kidogo na neno moja tunalolitumia kila siku bila kulifikiria: heri.

Lina ndugu zake. Raha ni ya mwili: umetembea kutoka steji hadi nyumbani, unavua viatu, ahh, hiyo ni raha. Furaha ni ya moyo. Mtoto amepita mtihani, unasikia furaha mpaka ugali mkavu unakuwa mtamu. Zote mbili unazisikia, na zote zaweza kuisha kabla ya jioni.

Lakini jaribu kusema "leo nasikia heri." Haikubali. Heri huambiwa na mwingine. Anayeenda mtihani anatumiwa kadi ya kila la heri. Tukiachana ni kwaheri. Januari tunatakiana heri ya mwaka mpya na mifuko imetoboka. Tena kuna ile ya kupima: "heri nilale njaa kuliko nikope tena." Aliyesema hivyo hana raha hata kidogo. Amepima tu, akachagua.

Sasa fungua Mathayo 5, mstari wa 3 hadi wa 11. Neno letu liko pale mara tisa. Kigiriki chake ni makarios, si chara, ambalo ndilo furaha. Na mstari wa 4 unawapa heri hiyo watu wenye huzuni. Weka "furaha" mahali pale uone kama utaelewa kitu.

Ndiyo maana nasumbuka ibadani tunapoambiwa, "Mgeukie jirani yako, mwambie nina furaha!" Jirani yako amezika mume Ijumaa. Aseme nini? Akikubali, amesema uongo nyumbani mwa Mungu. Akinyamaza, ataonekana hana imani. Nimewahi kugeukiwa na dada wa namna hiyo. Aliyasema maneno yote vizuri, akitabasamu, na midomo inatetemeka.

Mtaniambia, lakini Paulo anaamuru tufurahi, Wafilipi 4:4, na aliandika akiwa kifungoni. Kweli kabisa, na amri hiyo siipunguzi. Ila someni pia sura ya 2 ya barua hiyohiyo, mstari wa 27, anapomtaja Epafrodito aliyeugua karibu kufa. Paulo anasema wazi kwamba kifo kile kingemrundikia huzuni. Hakuificha ili aonekane mtu wa imani. Na kwa Warumi 12:15 ametuagiza tulie na wanaolia. Sioni mahali alipotutuma tuwanyamazishe.

Yule dada angeulizwa tu "uko aje?" na aachwe ajibu "si vizuri." Hapo ndipo neno heri lingemfaa, kwa sababu halimdai tabasamu. Lakini halijisemi lenyewe. Linataka mtu wa kulileta, na mara nyingi ni yule aliyebisha mlangoni na chupa ya chai wiki moja baada ya matanga, wakati viti vya kukodi vimesharudishwa.