Sahihi ya Siku Moja

Katika miaka ya 1950, madaktari wa upasuaji huko Marekani walianza kuwapunguza watu unene kwa kukikatia chakula njia. Arnold Kremen na wenzake wa Minnesota waliandika juu ya jambo hilo mwaka 1954. Mwaka 1969, Payne na DeWind wa Los Angeles walieleza kipimo kilichokuja kupata umaarufu: inchi 14 za mwanzo wa utumbo mwembamba ziunganishwe na inchi 4 za mwisho wake. Utumbo huo kwa mtu mzima ni kama mita sita. Piga hesabu mwenyewe uone kilichobaki kazini.

Sehemu iliyorukwa haikutolewa. Iliachwa tumboni, imezibwa upande mmoja, kama ule mji uliopitwa na baipasi: magari hayaingii tena lakini wenyewe wangali wanaishi humo. Waliobaki kwa utumbo huo ni bakteria, na walizaana vilivyo.

Watu walipungua kweli, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye magoti yamekataa kumbeba. Kisha miaka ikaanza kudai chake. Walihara bila kikomo. Mafuta ambayo mwili haukuyafyonza yalishikana na kalisi. Kwa kawaida kalisi hiyo ndiyo huishika oksaleti ya chakula ikatoka nayo chooni. Sasa oksaleti ikabaki huru, ikaingia damuni, ikaenda kufanya mawe kwa figo. (Oksaleti iko kwa spinachi, iko kwa chai. Yaani mboga tunayohimizwa kula kila siku inaweza kumgeuka mtu kama huyo.) Vitamini B12 nayo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, lakini ini huwa na akiba yake ya miaka kadhaa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mzima mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, halafu siku moja nyayo zinaanza kufa ganzi. Wako walioshindwa kuona gizani kwa kukosa vitamini A. Wako ambao ini liliharibika wakafa. Kufikia miaka ya 1980 upasuaji huo ulikuwa umeachwa karibu kila mahali.

Siulizi kama madaktari wale walikuwa wabaya; mengi hawakuyajua. Ninachouliza ni hiki: yule aliyesaini fomu asubuhi ile, alikuwa na haki ya kumsainia yule wa miaka 20 baadaye?

Rafiki yangu muuguzi hunicheka nikianza maneno haya. "Wewe nawe! Mtu mzima amesaini, mwili ni wake, shida iko wapi?"

Derek Parfit, katika Reasons and Persons (1984), alidai kwamba kinachoniunganisha na mimi wa baadaye ni nyuzi za kumbukumbu, nia na tabia, na kwamba nyuzi hizo hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Tukimfuata, mzee mwenye mawe ya figo ni kama jirani wa yule kijana aliyesaini, na hakuna anayeruhusiwa kukopa kwa jina la jirani. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu nyingine inaangushwa na utumbo wenyewe. Kumbukumbu zinaweza kulegea, mtu akasahau hata sura ya daktari, lakini ile inchi 14 haisahau. Deni limeshonwa kwa nyama, na halimtafuti jirani.

Lakini pia siwezi kumnyima mtu wa leo haki ya kuamua. Mgonjwa ambaye sukari inamla macho na miguu, ukimwambia asubiri kwa heshima ya nafsi yake ya mwaka wa 20, huenda nafsi hiyo isifike. Hata kati ya wale wa zamani, wako waliokataa kurudishiwa utumbo kama ulivyokuwa, pamoja na mateso yote. Ati tuwaambie hawakujua walichotaka?

Basi sahihi naiheshimu. Nisichokubali ni kwamba inamwachilia daktari. Upasuaji wa siku hizi, ule wa kufanya tumbo dogo na kuruka kipande tu cha utumbo, ni salama zaidi kwa mbali. Hata hivyo unadai vidonge vya vitamini na vipimo vya damu maisha yote: madini ya chuma, B12, vitamini D, kalisi. Unafanywa hapa Nairobi, na wengine hupanda ndege kwenda India, wakarudi na kovu dogo na bahasha ya karatasi. Aliyepasua yuko ng'ambo ya bahari. Daktari wa karibu na nyumbani hakuwepo, na kipimo ni pesa ya mfukoni.

Nilimuuliza muuguzi wangu ni nani atampima mtu huyo mwaka wa 15, wakati nguo mpya zimeshazoeleka na hakuna anayempongeza tena. Alinyamaza kidogo. "Atakuja akiwa na ganzi," akasema. "Na sisi tutamtibu miguu."