Aliyeshika Mwavuli

Elena Grimaldi Cattaneo, bibi wa ukoo wa kitajiri, alichorwa mjini Genoa mwaka 1623. Mchoraji Anthony van Dyck hakuwa hata ametimiza miaka ishirini na mitano. Picha hiyo, ambayo leo iko Washington, ina urefu wa karibu mita mbili na nusu. Ukisimama mbele yake utainua shingo utake usitake, na hivyo ndivyo mwenye kulipa alivyotaka. Bibi amevaa gauni jeusi la kifahari, ukosi mpana mweupe shingoni, ncha za mikono nyekundu, na mkononi ana kitawi cha maua ya mchungwa. Anakutazama kama mtu aliyekatizwa matembezi yake.

Nyuma yake yuko kijana wa Kiafrika, amemwinulia mwavuli mwekundu. Mwavuli umezunguka kichwa cha bibi na kukiremba kuliko kito chochote. Umwondoe kijana yule, na nusu ya ukubwa wa bibi imeondoka naye.

Jina lake halikuandikwa. Wala wenye picha hawakuwa wavivu wa kuandika! Mwaka huohuo Van Dyck aliwachora watoto wa bibi huyo, na kwenye picha ya Filippo umri umewekwa wazi: miaka minne na miezi saba. Hata miezi ilihesabiwa.

Tusikimbilie kuwanyooshea Wazungu kidole. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mfalme wa huko alikuwa ameketi chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Waliomhudumia nao hatuwajui.

Na sisi je? Fungua albamu ya harusi yoyote. Bibi harusi tunamjua, mashangazi tunawajua, mgeni rasmi ndiyo usiseme. Yule dada aliyembeba mtoto pembeni ni "dada wa kazi" basi, au mpiga picha alimwambia asogee kidogo. Amelea watoto watatu wa nyumba ile, lakini miaka ishirini ijayo wajukuu watauliza huyu nani, na hakuna atakayejibu.

Kama una picha za zamani kabatini, chukua kalamu leo, geuza kila moja na uandike majina ya wote waliomo. Anza na wale waliosimama nyuma, kabla anayewakumbuka hajaondoka.