TUSIONE HAYA KUULIZA

Enyi ndugu zetu Waislamu! Nabii Musa (A.S.), juu ya cheo chake, alifunga safari kumwendea mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye. Sisi watu wa pwani twafika Kipkelion, stesheni iliyokuwa ikiitwa Lumbwa; twauza, twahesabu faida, twarudi. Ni nani miongoni mwetu aliyeuliza habari za Wilson Kiprugut, mtu wa Kericho hiyo hiyo, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo, mwaka 1964? Wakimbiaji wa nchi ile hushika njia alfajiri, katika baridi, kwa nishani ya dunia; nasi adhana yalia tumejifunika shuka! Hekima haina kabila. Tuiulize kwa walio nayo, kisha tuitende. Wabillahi taufiki.