Sadaka na Ujira

Ndugu zetu, liko swali tunalolipita kila Ijumaa mlangoni mwa msikiti, na aghalabu hatulijibu ila kwa senti. Mtu mzima asiyeona, au asiyesikia, au asiyeweza kwenda kwa miguu yake, haki yake kwetu ni nini? Ni sadaka, au ni kazi?

Wengi wetu twatoa sadaka, kisha twadhani wajibu umekwisha. Lakini mtu huyo huyo akija Jumamosi dukani kutaka kazi, twamwambia hapana nafasi. Basi twampa asichokiomba, na akiombacho twamnyima.

Sote twalijua jina la Ibn Umm Maktum, sahaba aliyekuwa haoni. Mtume (S.A.W.) hakumweka kando ili alishwe, bali alimfanya mwadhini pamoja na Bilal. Na adhana ya alfajiri yataka mtu ajue kwamba kumepambazuka, jambo lihitajilo macho. Ilikuwaje? Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa asubuhi imeingia. Tazameni udogo wa msaada huo: neno moja la mwenye kuona. Yaliyobaki yote, sauti na amana, yalikuwa yake.

Katika miji yetu kazi za namna hii si haba. Kofia ya vito hushonwa na mtu aliyeketi. Cherehani ya mkono humfaa asiyeweza kukanyaga. Daftari la duka lataka akili na uaminifu, halitaki miguu. Mara nyingi kimzuiacho mtu si kiungo chake, bali ni vidato vya mlango wetu.

Atasema tajiri: "Nitapata hasara." Neno hili lingekuwa na uzito lau angalimjaribu akamwona hawezi, lakini amemhukumu kabla ya kumjaribu. Na wako wanaomwajiri kisha wakampunguzia ujira, wakidhani wamemfanyia hisani. Kazi ikiwa sawa, ujira na uwe sawa. Kupunguza ni dhuluma iliyovikwa joho la wema.

Serikali nayo imesema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka watu wenye ulemavu wapate angalau nafasi 5 katika kila 100 za kuchaguliwa na kuteuliwa, na sheria ya mwaka 2025 imewafikia hata waajiri wenye watu 20 na zaidi. Lakini sheria haiwezi kuingia katika moyo wa mwenye duka.

Hatusemi sadaka iachwe. Asiyeweza kazi kabisa haki yake i juu yetu, wala haifai kumsukuma. Twasema tu kwamba kabla ya kutia mkono mfukoni, tumwulize mwenzetu anajua kazi gani, kisha tujiulize ni neno gani moja analohitaji kutoka kwetu ili aifanye.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.